Malori makubwa kwenye mitaa yetu ya Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali sijayatunga, nimeyaokota. Mengine yaliulizwa kwenye kikao cha mtaa watu wamesimama juani kwasababu viti havikutosha, mengine kwenye grupu letu saa sita usiku lori likiwa ndo limemwaga kokoto na mtaa mzima umeamka, mengine nimeulizwa dukani nikisubiri chenji. Mimi sio mwanasheria wala injinia, ni mkazi tu, nimekaa kamati ya mtaa miaka kadhaa. Mtaa wenyewe siutaji, ila kama unakaa Nkuhungu, Nzuguni, Iyumbu, Mkonze au Miyuji utahisi nauongelea wa kwako.

Haya malori yametoka wapi? Zamani si hayakuwepo?

Yalikuwepo, machache. Serikali ilipotangaza 2016 kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, watu wakavamia viwanja, 2018 manispaa ikawa jiji, na kila kiwanja kinachosimama nyumba kinataka mchanga, kokoto, moramu, matofali, nondo, saruji na boza la maji juu yake. Hakuna hata kimoja hapo kinachokuja kwa bodaboda.

Ila kabla hujaanza kulalamika jiulize ni lori gani linalokusumbua, maana yako matatu. Kuna wapita njia, yaani semi inayotoka barabara kuu inakatiza kwenu kukwepa foleni au trafiki. Kuna tipa zinazoleta mzigo saiti. Na kuna lori la jirani, dereva anakuja nalo kulala nyumbani. Watu wanayachanganya yote wanaandika barua moja "malori yanatusumbua", barua inazunguka ofisini inarudi ilivyokwenda. La kwanza linazuilika kwa kibao, la pili linataka makubaliano, la tatu unaenda kupiga hodi.

Barabara ya mtaa ni ya nani? Mbona kila ofisi wananirusha?

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaani na vijijini ziko chini ya TARURA, ambayo ilianza 2017, kabla ya hapo zilikuwa kwa halmashauri na ndomana wazee bado wanaenda jiji kulalamikia shimo. Kwahiyo kama njia yako ni ya kutoka lami kuingia kwenye nyumba za watu, andika TARURA. Kama semi inapaki pembeni ya barabara ya kwenda Singida au ya Iringa, hiyo ni TANROADS. Mwendo kasi, kuzidisha abiria juu ya mchanga (wapo), lori bovu, hayo ni ya trafiki.

Halafu kuna vichochoro ambavyo kwenye ramani ya mipango miji havipo kabisa, watu waliachiana tu kiungwana upana wa gari ndogo miaka ile. Hapo hata TARURA watakuuliza hii barabara tuliisajili lini. Anza na mwenyekiti na mtendaji muende mkaangalie mchoro wa upimaji kwanza, usije ukapigania barabara ambayo kisheria ni kiwanja cha mtu.

Lori moja linaharibu kiasi gani? Si tairi tu kama tairi zingine?

Hapa naomba univumilie, kwasababu hii ndio hesabu iliyonifanya nikaacha kubishana kwa hasira nikaanza kubishana kwa namba.

Wamarekani walifanya majaribio makubwa Illinois kati ya 1958 na 1960, wakazungusha malori kwenye barabara za majaribio mchana na usiku waone zinavyochakaa. Kilichotoka pale, na mainjinia wanakitumia hadi leo, ni kwamba uharibifu haupandi sambamba na uzito, unapanda kama kwa kuzidisha uzito wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ukiongeza uzito wa ekseli (ule mhimili unaoshika tairi za kushoto na za kulia) mara mbili, barabara inaumia mara 16.

Sasa chukua gari ndogo ya tani moja, kila ekseli imebeba nusu tani. Chukua ekseli ya nyuma ya tipa iliyobeba tani 9. Hiyo ni mara 18. Zidisha 18 kwa 18 kwa 18 kwa 18, inafika laki moja na ushee. Yaani ekseli moja ya tipa iliyopakia kihalali inapita mara moja, kwa lami ni kama ekseli za gari ndogo laki moja zimepita. Kwahiyo jirani anayesema "mbona hata wewe una gari" mjibu taratibu.

Hesabu hii ni ya lami. Barabara ya vumbi ina balaa lake, nalisema huko chini kwenye mvua.

Uzito halali ni upi?

Nchi za Afrika Mashariki zina sheria moja ya udhibiti wa uzito wa magari, ya 2016, na Tanzania ilianza kuitumia 2019. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, hizo ni semi ndefu zenye ekseli nyingi. Ekseli ya usukani isizidi tani 8, ekseli mbili za nyuma zilizo pamoja zenye tairi mbilimbili zisizidi 18, tatu za pamoja 24.

Tipa nyingi za mchanga zina ekseli moja mbele na mbili nyuma, kwahiyo mwisho wake ni 8 na 18, tani 26. Lori lenyewe tupu lina kama tani 11 au 12, unabaki na tani 14 hivi za mzigo. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni kama tani moja na nusu kupanda kidogo, mbichi unazidi hapo. Maana yake mzigo halali ni kama mita za ujazo 9. Sasa niambie wewe, ni lini mara ya mwisho umeona tipa imeletwa saiti bodi halijajaa? Mteja mwenyewe atagoma, atasema nimepunjwa. Bodi likipakiwa mita 15 kwa kichuguu, ni tani 24 za mchanga, lori zima limefika tani 36, na zile ekseli mbili za nyuma zimebeba kama 14 kila moja badala ya 9. Rudi kwenye hesabu yetu ya mara nne: uharibifu wa kila ekseli ya nyuma ni karibu mara sita ya ule wa ekseli halali.

Na mizani iko barabara kuu. Tipa inayochota mchanga korongoni huko pembeni ya mji na kuumwaga mtaani haikutani na mizani hata siku moja.

Nyumba yangu ina nyufa, ni malori?

Inawezekana na inawezekana sio. Najua hutaki jibu hilo. Sehemu kubwa ya Dodoma, hasa mabondeni, ina ule udongo mweusi wa mbuga, unavimba mvua ikinyesha na unapasuka kiangazi mpaka mguu wa mbuzi unazama. Nyumba ikikaa juu yake na msingi mfupi itapasuka hata kama barabarani anapita kuku tu.

Mtikisiko wa lori unatokana zaidi na shimo au tuta kuliko lori lenyewe. Lori likienda taratibu kwenye barabara iliyo sawa, vyombo kabatini havilii. Likidondokea shimo, tani zote zile zinapiga chini kwa pamoja. Kwahiyo kama kuna shimo mbele ya geti lako, kulifukia hilo shimo kutakusaidia leo kuliko kesi itakayoisha miaka mitatu ijayo.

Ukitaka kujua kama ufa unakua, bandika kipande cha plasta au simenti nyembamba juu yake, andika tarehe, piga picha. Kikikatika andika tena. Utakuja kuona kama unakatika kipindi cha tripu nyingi au kipindi cha mvua.

Tuweke matuta?

Kila kikao hili lazima liletwe na anayelileta mara zote anakaa mbali na pale tuta linapopendekezwa. Tuta linapunguza mwendo, ndio, ila tipa tupu ikilipanda bodi linarukaruka juu ya chesisi na lile geti la nyuma linapiga kelele kama mtu anaangusha bati darini. Tupu ni mbaya kuliko lenye mzigo, hili watu hawaamini mpaka walisikie saa kumi alfajiri. Kama lazima, liwe pana na la mteremko mdogo, mbali na dirisha la mtu, na liwekwe na TARURA. Tuta la udongo mlilojenga wenyewe kwa koleo likimwangusha bodaboda usiku mtaenda kujieleza nyie.

Tunaweza kufunga njia kwa mawe au gogo?

Hapana. Sio mwenyekiti, sio kamati, sio wananchi wenye hasira. Kuzuia barabara ya umma ni kosa. Vilevile siku nyumba inaungua zimamoto haitapita, na mama mjamzito atashushwa kwenye bajaji atembee. Sisi tuliweka mawe, wiki moja tu, nasema kwa aibu, na aliyeumia wa kwanza alikuwa mtoto wetu wenyewe aliyekuwa anakuja na baiskeli jioni.

Kinachowezekana ni kibao cha mamlaka: duara jekundu lenye picha ya lori, au duara lenye namba ya tani. Hicho kikiwekwa na mwenye barabara, trafiki ana mahali pa kusimama. Sehemu nyingine wanaweka nguzo za chuma na chuma cha kukatiza juu, magari marefu hayapiti. Ila pima kwanza, boza la maji na gari la taka nayo ni marefu.

Vijana wakitoza elfu mbili kila lori "za kurekebisha barabara" kuna ubaya?

Upo. Mtaa hauna mamlaka ya kutunga sheria ndogo wala kutoza faini, huo ni uwezo wa halmashauri, na pesa ya serikali inalipwa kwa namba ya malipo unapewa risiti. Kamba na vijana wawili ni ulaji tu. Kwetu iliwahi kutokea, dereva akishalipa anaona ameinunua barabara, anaongeza na mwendo.

Mwenye saiti akijitolea moramu tripu mbili afukie alipoharibu, hiyo ni sawa, na iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Sasa barua inaandikwaje ili isikae kabatini?

Yetu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili za uchungu. Haikujibiwa. Ya tatu ilikuwa ukurasa mmoja na ilijibiwa, tofauti ilikuwa hivi: tulikaa kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chapati pale kona, kuanzia saa 12 asubuhi mpaka saa 12 jioni, siku tatu, kwa zamu. Daftari la shule, mistari minne: saa, aina ya lori, lina mzigo au tupu, limetoka wapi kwenda wapi. Mama chapati ndo alikuwa anatusahihisha, maana yeye anayajua kwa mlio, anasema "hilo la bluu linarudi, lilipita na kokoto" kabla hatujaliona. Siku ya pili tukagundua zaidi ya nusu ya malori yote yalikuwa yanaenda saiti moja, nyingine ni wapita njia wachache, na tulikuwa tumeshajiandaa kuulaumu mji mzima.

Barua ikawa na jedwali, picha za upana wa barabara tulioupima kwa futikamba, majina na sahihi za wakazi, muhuri wa mtaa, nakala kwa kata na diwani. Omba kitu kimoja au viwili. Na ukipeleka hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe, bila huo muhuri hujapeleka kitu.

Na mwenye saiti tunamwendeaje?

Kwa salamu. Kwetu alienda mzee mmoja wa Kigogo, jirani wa siku nyingi, akamkuta msimamizi amevaa helmeti anaongea na simu. Mzee akasimama. Simu ilipoisha akasema mbukwenyi, yule kijana akacheka akajibu shikamoo babu, wakakaa kwenye rundo la matofali. Mzee hakusema malori. Akauliza jengo litaisha lini, akapewa maji, ndio akasema "mjukuu wangu, hayo magari yako yanapita wajukuu wangu wakitoka shule saa nane, hatuwezi kuyasogeza kidogo?"

Tulichotoka nacho: hakuna tripu kabla ya saa 1 asubuhi na baada ya saa 12 jioni, hakuna tripu muda wa watoto kuingia na kutoka shule, kuingia kwa njia moja na kutoka kwa nyingine ili yasipishane, na utingo ashuke kuongoza kila lori linaporudi nyuma. Makubaliano yakavunjwa mara mbili tatu, tukapiga simu, yakarekebishwa.

Mwendo wa mtaani ni ngapi?

Kisheria kwenye makazi ni 50. Kwenye njia ya mita nne yenye watoto wanacheza rede, 50 kwa lori ni wazimu, ila ndio sheria. Makubaliano yenu yanaweza kuwa 20.

Watoto tuwaambie nini?

Wote tunawaambia "angalia magari" kisha tunadhani tumemaliza. Waambie hivi: kama huoni kioo cha pembeni cha lori, dereva hakuoni wewe. Mbele chini ya pua kuna sehemu mtoto mzima anapotea, ubavu wa kushoto vilevile, nyuma ndio kabisa. Halafu lile lori refu likikata kona tairi za nyuma hazifuati njia ya tairi za mbele, zinakata ndani, zinapanda pale pale pembeni mtu aliposimama akidhani kalipisha. Kawaonyeshe. Omba dereva akiwa amepaki na amezima, mpandishe mtoto kwenye kiti aone mwenyewe wenzake wanavyopotea. Madereva wengi wanakubali, wana watoto na wao.

Jirani analala na lori, alfajiri linanguruma nusu saa. Ni ubishi?

Sio ubishi. Breki za lori zinatumia upepo, na likilala muda upepo unapungua, hawezi kuondoka mpaka mitungi ijae. Kwahiyo anawasha anasubiri. Ila kama linachukua nusu saa kujaa basi mahali panavuja, mwambie atengeneze, hata yeye anachoma mafuta bure. Dawa nzuri ni kupaki kwenye yadi au kituo cha mafuta chenye mlinzi, na sababu kubwa ya madereva kuja nalo nyumbani ni wizi wa betri na mafuta. Ongea naye kabla ya kumshtaki.

Limegonga ukuta, limekata waya, limepasua bomba. Nani analipa?

Piga picha kabla halijaondoka: namba ya gari, na ya tela pia kama lipo, mahali lilipogonga, na upana wa njia. Ita mwenyekiti awe shahidi. Kwa ajali piga 112 au nenda kituoni upate namba ya taarifa, bila hiyo bima haikusikilizi. Kila gari barabarani linatakiwa kuwa na bima walau ya mtu wa tatu na unaweza kuihakiki kwa namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, dakika moja tu. Waya ukianguka usiuguse hata kama umeme umekatika, wala usimruhusu dereva ashuke hovyo kama umeangukia lori, ita TANESCO. Bomba kubwa ita DUWASA, watu wa maji. Bomba lililopita kwako baada ya mita ni lako, ugomvi wake ni wewe na mwenye lori.

Na usikubali maneno ya "tajiri atakuja kesho". Andikeni pale pale, kalamu na karatasi, dereva asaini, piga picha kitambulisho.

Mvua zikianza?

Mvua zetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, sio nyingi ila zinakuja kwa fujo. Barabara ya udongo ikilowa, lori moja lenye mzigo linachimba mitaro miwili, maji yanakaa humo, la pili linaikwepa linapanda ukingo wa nyumba ya mtu, wiki moja njia yenu imekuwa mto. Kama kuna kitu kimoja cha kuomba kwa mwenye saiti basi ni hiki, alete mchanga wake wote kiangazi arundike ndani ya kiwanja. Kiangazi nacho kina vumbi, hapo mwambie alete boza limwagie asubuhi na mchana.

Barabara ya mzunguko ikikamilika si yataisha? Na SGR?

Ile ya mzunguko ni kilomita 112.3, Nala, Veyula, Mtumba, bandari kavu ya Ihumwa, Matumbulu inarudi Nala. Itawatoa mjini wapita njia, wale wa Dar kwenda Singida, Mwanza mpaka Rwanda, na wa Iringa kwenda Arusha. Hilo ni jambo kubwa sana. SGR abiria wanapanda Dar mpaka hapa tangu 2024, na reli ikizidi kubeba makontena tutapumua zaidi.

Tipa zitabaki. Treni haijawahi kumwaga mchanga mlangoni kwa mtu.

Na wewe mwandishi, nyumba yako ilijengwa kwa punda?

Aliyeuliza hili kwenye kikao alipigiwa makofi, na haki yake. Mwaka ule najenga nilishusha tripu za mchanga mpaka nikapoteza hesabu, moja ilikuja saa tatu usiku kwasababu dereva alisema mchana trafiki wamejaa, na mimi nikasema njoo tu. Ilipasua bomba la jirani pale kona ya kuingilia, maji yakaruka mpaka kwenye ukuta wake, akatoka na kanga na ndoo, hakusema kitu, akaanza kukinga. Nililipa bomba na fundi. Siku ya msingi wake alileta mchanga asubuhi, akanitumia ujumbe usiku wa kuamkia: "Jirani, kesho saa mbili lori, toa gari yako."